Kitabu Kitandani: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Tangu uliposema unalala saa nane za usiku, simu mkononi, sina raha. Na sasa unahamia hosteli, ambako hakuna wa kukugongea mlango. Simu ilale mezani, mwanangu. Kitandani panda na kitabu.

Nimekuwekea picha tatu, uzibandike ukutani. Ya kwanza ni kaburi la Eleanor wa Aquitaine, malkia wa Uingereza wa zama za kale, aliyefariki mwaka 1204. Amechongwa kwa mawe huko Fontevraud, Ufaransa, amelala chali, taji kichwani, kitabu wazi mikononi. Mumewe na mwanawe wamelazwa karibu naye, lakini mwenye kitabu ni yeye.

Ya pili itazame kwa utulivu. Aliipiga André Kertész mwaka 1929, katika hospitali ya kale ya Beaune, hukohuko Ufaransa. Bibi kizee ameketi kitandani, mapazia yamemzunguka, anasoma. Yuko mahali ambapo watu huhesabu maumivu, naye amezama kwenye ukurasa. Utamu ndio huo: mto mgongoni, miguu imepata joto, mkono ukichoka unageukia ubavu wa pili, mpaka kitabu kinakuangukia kifuani na usingizi umeshafika wenyewe. Simu haikuachi ufike hapo. Kila ukikaribia kusinzia, inakuita tena.

Wewe ulijua kusoma mapema kuliko wote humu ndani, na hilo nalitamba mpaka leo. Halafu uniambie huna muda? Muda wa kuperuzi unatoka wapi? Nilipokuwa nakuzimia taa nilihofia usingizi wako, sikukichukia kitabu. Sasa taa ni yako, iwashe.

Ya tatu ilichorwa na Mjerumani Carl Spitzweg mwaka 1839: mshairi fukara darini, godoro sakafuni, vitabu vikubwa kando yake, na mwavuli umefunguliwa juu yake kwa sababu paa linavuja. La kwetu nalo limeanza kuvuja, juu ya kabati lako. Fundi ameahidi kuja wiki ijayo. Nguo zako nimezihamisha, na dada yako analitaka kabati hilo. Niambie kama nimpe.

Kwenye mzigo nimetia mto wa pili, shuka mbili na ile taa ndogo ya kubana. Balbu yake ni ya mwanga wa njano, usiibadilishe. Chaja ichomeke mbali na kitanda, upande wa mlangoni. Ukifika, nipigie, kisha uizime.

Mama yako