Barua ya wazi kwa Waziri: mlimani kuna lango, vijijini nako liwekwe

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum

Nakala kwa Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii

YAH: VIKUNDI VYA WANAFUNZI WA KIGENI WANAOPANDA KILIMANJARO NA KUJITOLEA VIJIJINI

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa heshima, nikiwa mwongozaji wa watalii katika Mlima Kilimanjaro. Kila mwaka, hasa shule za Ulaya zinapofungwa katikati ya mwaka, tunapokea vikundi vya wanafunzi wa sekondari wanaokuja na walimu wao kwa safari yenye pande mbili: siku kadhaa za kupanda mlima, na siku nyingine za kujitolea katika shule za msingi au makao ya watoto yaliyo chini ya mlima. Upande wa kwanza unasimamiwa, ila upande wa pili, ambao ndio unaowagusa watoto wetu, umeachwa mikononi mwa kampuni na mwenye kituo wanaoelewana kwa simu.

Kikundi hakivuki lango la Marangu, Machame wala Londorosi bila kibali cha hifadhi, bila mwongozaji mwenye leseni, na bila kila mgeni kuandikwa kitabuni jina lake, umri wake na uraia wake. Mizigo ya wapagazi, ambao sisi tunawaita wagumu, hupimwa kwenye mizani ili isizidi kilo 20. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 10 haruhusiwi kwenda kileleni. Utaratibu huu una kasoro zake, na moja nitaitaja hapa kwa kuwa inahusu wanafunzi moja kwa moja: ratiba ya siku 5 kwa njia ya Marangu humtoa mtu kambi ya Mandara, mita 2,720, ikamlaza kambi ya Horombo, mita 3,720, na kesho yake ikamfikisha kambi ya Kibo, karibu mita 4,700, ilhali madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku. Ratiba hiyo haifai kwa watoto wa shule, na ningefurahi kuona wakipewa siku zaidi kwa lazima. Hata hivyo kasoro hiyo inarekebishika, kwa sababu pale langoni yupo mtumishi mwenye mamlaka ya kumsimamisha mtu na kumuuliza.

Kikundi hichohicho kikishuka, hakuna anayekiuliza lolote.

Makao ya watoto ndiyo yanayonisikitisha zaidi. Wageni hufika, hucheza na watoto, huwalisha, huwaogesha wadogo, hupiga nao picha, na wiki ikiisha huondoka, kisha kikundi kingine huingia na kuanza upya. Mtoto wa miaka 3 hawezi kuelewa kwa nini kila anayempakata na kumbembeleza hutoweka. Zaidi ya hayo, kituo kinachoendeshwa kwa michango ya wageni kinahitaji watoto wawepo wageni wanapofika, na hapo huzaliwa kishawishi cha kuwachukua watoto ambao wangeweza kulelewa na mama, bibi au shangazi kama familia ingepata msaada mdogo tu. Tafiti katika nchi nyingi zimeonyesha kwamba walio wengi kati ya watoto wanaoishi katika vituo vya aina hii wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Mwezi Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu watoto wasio na malezi ya wazazi, likizitaka nchi zizuie madhara yanayotokana na programu za kujitolea katika vituo hivyo. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua haki ya mtoto kuishi na wazazi wake, na inayataka makao yawe na leseni. Leseni hiyo, Mheshimiwa Waziri, inamkagua mwenye makao. Mgeni anayeingia humo kwa wiki moja na kamera yake hakaguliwi, na picha anazozisambaza huwa zimepigwa bila ridhaa ya mzazi yeyote, ingawa tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Vijana wenyewe siwalaumu. Wamechangisha fedha kwa muda mrefu, wamekuja kwa nia njema, na wengi huchapa kazi kwa bidii ya kweli. Lawama ni kwa sisi wenyeji, tunaowapeleka mahali ambapo kwao wasingeruhusiwa kuingia hivihivi. Nchini Uingereza, kwa mfano, mtu mzima hawezi kupewa kazi ya kulea watoto kituoni bila kumbukumbu zake za jinai kuangaliwa.

Shuleni madhara ni madogo zaidi, lakini yapo: kipindi cha hisabati husimamishwa ili wageni waimbe na watoto, na ukuta hupakwa rangi na vijana wasiojua kushika brashi huku fundi rangi wa kijiji akiwa hana kazi. Nimeona pia kazi iliyokwenda vizuri. Katika shule moja kamati ya shule ndiyo iliyosema inataka nini, yaani mifereji ya bati na tangi la kuvunia maji ya mvua. Kampuni ikawalipa mafundi wa palepale, na wanafunzi wakabeba mchanga na kokoto na kuchanganya zege kwa amri ya fundi, saa za masomo zikiachwa kama zilivyo. Vijana wale walijifunza kumtii mtu anayeijua kazi kuliko wao, na shule ikabaki na tangi.

Kwa hiyo naomba Wizara yako ishirikiane na Wizara ya Maliasili na Utalii ili kampuni inayoomba kibali cha kupandisha kikundi cha wanafunzi, ikiwa safari hiyo ina kazi ya kujitolea, iambatishe barua ya halmashauri husika, iwe Moshi, Rombo, Hai au Siha, inayoonyesha kazi itakayofanywa, nani katika kijiji aliiomba, na fundi gani atalipwa. Makao ya watoto yaondolewe kabisa katika safari hizi, na anayetaka kuwasaidia watoto wale aelekezwe kwa afisa ustawi wa jamii, ambaye anazijua familia zinazoweza kurudishiwa watoto wao. Vikundi vingi hufika kuanzia mwishoni mwa Juni, na kampuni hupanga ratiba miezi mingi kabla; tangazo la Wizara likitoka mapema, msimu ujao unaweza kuanza kwa utaratibu huu.

Wako mtiifu,

Mwongozaji wa watalii, Mlima Kilimanjaro