Heri ya Krismasi: Sadaka Zilizojenga Mkunazini

Ndugu zangu wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Wazee wetu, shikamooni. Vijana mlioko vyuoni, mlioko kazini mijini na ng'ambo, nanyi nawasalimu kwa Krismasi.

Kaskazi imeshashika, maembe yamejaa kila kona, na jioni huku kwetu husikii kitu ila kwaya zinafanya mazoezi. Umoja wa Mama wamekwisha kufua na kupiga pasi vitambaa vya madhabahu. Bahasha za sadaka ya Krismasi nazo zimegawiwa, na hizo bahasha ndizo zilizonifanya niandike. Nimesikia watu wakiguna: jana mavuno, leo nyumba ya padri, kesho paa, na sasa Krismasi. Siwalaumu. Mwaka umekuwa mgumu na ada za Januari zinatusubiri. Ila naomba mnivumilie kidogo niwaeleze habari za watu waliotoa kabla yetu, maana sikukuu hii ina historia yake ndani ya sadaka.

Wazee wanaijua kwa herufi nne tu, UMCA: Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza. Ilianza baada ya David Livingstone kuwahutubia watu wa Chuo Kikuu cha Cambridge mwezi wa Desemba 1857. Mwanzo wake ulikuwa wa msiba. Askofu wa kwanza, Charles Mackenzie, aliwekwa wakfu Cape Town tarehe 1 Januari 1861, na haukutimia mwezi wa kumi na nne akafariki kwa homa kando ya mto Shire. Wenzake kadhaa walikufa pia. Mwaka 1864 askofu aliyemfuata, William Tozer, akaihamishia misheni Zanzibar, akiwa pamoja na padri Edward Steere.

Sasa njooni kwenye Krismasi. Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Mkunazini, mjini Zanzibar. Padri wa misheni, A. N. West, alinunua kiwanja pale cha kujenga kanisa kwa fedha zake mwenyewe, na sehemu nyingine ilitolewa na tajiri mmoja Mhindu, Jairam Senji. Hili huwa nalirudia kila nikipata nafasi: katika watoaji wa kwanza wa kanisa lile yumo mtu asiyekuwa Mkristo. Siku ya Krismasi ya mwaka uleule jiwe la msingi likawekwa. Krismasi ya 1877 ikasomwa ibada ya kwanza, jengo likiwa bado halijakamilika. Yaani pale pale ambapo miaka michache nyuma watu walipangwa mistari wakakaguliwa meno na mikono, watu wakakusanyika kumsifu Mtoto aliyezaliwa zizini.

Fedha zilitoka wapi? Haikuwa serikali. Zilitoka kwa marafiki wa misheni Uingereza, parokia kwa parokia. Matajiri walikuwepo, lakini wengi walikuwa watu wa kawaida wenye kutoa senti kwa senti, na hata watoto walikuwa na gazeti lao la misheni na makusanyo yao. Wamisionari wenyewe hawakulipwa mshahara. Walipewa chakula, mahali pa kulala na posho ndogo, basi. Caroline Thackeray alifika mwaka 1877 kufundisha wasichana Mbweni, Zanzibar, akatumia mpaka fedha zake binafsi, na hakurudi kwao; kaburi lake liko Mbweni. Padri William Percival Johnson alizunguka Uingereza akichangisha fedha za meli ya Ziwa Nyasa; naye macho yake yaliharibika vibaya kwa ugonjwa alioupata huku Afrika. Meli ikapatikana, ikasafirishwa vipandevipande, ikaungwa upya na kuingia ziwani mwaka 1885. Johnson akaendelea na kazi ya ziwa lile kwa miaka mingine zaidi ya arobaini.

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumesimulia nusu tu, tena ile nusu inayosimuliwa kila siku. Waliopokea nao walitoa, na kwa maoni yangu walitoa zaidi. Mwaka 1864 Tozer alikabidhiwa na Sultani wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa lililokamatwa. Mmoja wao, John Swedi, alikuwa shemasi mwaka 1879. Mwaka 1876 Steere aliongoza watu walioachwa huru kutoka Zanzibar kwenda bara, wakaanzisha makazi Masasi, kusini mwa Tanzania ya leo. Miaka sita baadaye makazi yale yalivamiwa na kuchomwa, nao wakaanza upya. Cecil Majaliwa akapewa upadri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile, akahudumu kwa Wayao huko Chitangali. Watu hawa hawakuwa na senti ya kutia kapuni. Walitoa miguu yao, miaka yao, na watoto wao.

Kuta za Mkunazini nazo ni za mawe ya matumbawe, na waliozipandisha ni mafundi wa hapa hapa. Ukiingia, karibu na mlango wa magharibi utaziona nguzo fupi za marumaru zilizosimama kichwa chini, miguu juu. Simulizi ni kwamba Steere alikuwa safarini, mafundi wakazisimamisha kwa jinsi walivyoona inafaa, na aliporudi akaziacha. Alifanya vema. Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa lilelile.

UMCA yenyewe iliungana mwaka 1965 na SPG, shirika kongwe la Kianglikana la kueneza Injili, lililoanza 1701, ndipo ikapatikana USPG ambayo ipo mpaka leo. Mwaka 1970 Kanisa Anglikana Tanzania likapata jimbo lake, na John Sepeku akawa askofu mkuu wa kwanza. Nasema wazi: miaka mingi ya kuletewa ilituachia ugonjwa wa kungojea. Bado yapo makanisa ambayo bati likitoboka, wazo la kwanza ni kuandika barua Ulaya. Marafiki wa mbali tunawashukuru na tunawaombea, lakini bati moja kijiji kizima hatushindwi kulinunua.

Na kwamba hatushindwi nimeliona kwenye minada yetu baada ya ibada. Mtoto analeta mayai matatu kwenye kibakuli. Bibi analeta jogoo aliyefungwa miguu kwa ukambaa, mwingine tenga la maembe, mwingine mkungu wa ndizi. Mzee wa kanisa ananadi mpaka sauti inakauka. Mtu ananunua jogoo kwa bei ya mbuzi, anashangiliwa, halafu anasema, "Mrudisheni, auzwe tena." Jogoo yule yule ananunuliwa mara tatu, na wa mwisho kumnunua anampelekea mjane asiyekuwa na kitoweo cha sikukuu.

Basi katika bahasha ya mwaka huu, mwenye nyingi atie nyingi, mwenye kidogo atie hicho, na asiye nacho aje tu, viti vipo. Wahazini nao watusomee hesabu hadharani mwezi wa Januari, kwa sababu sadaka ya mayai matatu inastahili kuhesabiwa kwa uaminifu sawa na ya milioni. Msimsahau mwinjilisti wa kigango cha mbali anayetembea kwa miguu na posho yake haijafika. Majirani zetu Waislamu tuwapelekee sahani ya pilau, kama wao wanavyotuletea siku ya Idi.

Nawatakia nyote Krismasi yenye amani na Mwaka Mpya wenye heri. Walio wagonjwa Bwana awainue, walio safarini awafikishe salama, na waliofiwa mwaka huu awafariji katika Krismasi hii ya kwanza bila wapendwa wao. Tuonane kwenye ibada ya mkesha.