Barua ya wazi kwa Gavana wa Nairobi kuhusu moshi, madini ya risasi na madaftari ya wagonjwa

Mheshimiwa Gavana,

Kwa heshima na taadhima, mimi ni tabibu katika zahanati moja ya mashariki mwa jiji, na ninakuomba uagize utafiti utakaofuatilia uchafuzi wa mazingira na maradhi ya wakazi mahali pamoja na kwa wakati mmoja. Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti huduma za afya ya msingi, udhibiti wa uchafuzi wa hewa, pamoja na uzoaji na utupaji wa taka. Kwa hiyo jalada la kikohozi na jalada la moshi yote yako chini ya serikali yako, ila hayajawahi kukutanishwa ipasavyo.

Hatuanzi patupu. Mwaka wa 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilichapisha uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi karibu na jaa la taka la Dandora, mashariki mwa jiji, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi yaliyofikia au kuzidi mikrogramu 10 kwa desilita ya damu. Aliyekuwa mtoto wa miaka miwili wakati huo sasa ni mtu mzima, na huenda analea mtoto wake mtaani humo humo. Tangu hapo Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mikrogramu 5 zinatosha kumfanya mhudumu atafute chanzo chake.

Tatizo letu liko daftarini. Mama humleta mtoto anayehema kwa shida, nami huandika umri, ugonjwa na dawa; kwenye makazi naandika “Dandora” au “Korogocho”, basi. Nyumba iliyopakana na jaa na nyumba iliyo mwisho wa mtaa zinakuwa kitu kimoja. Mwezi ukiisha mistari hiyo hujumlishwa ikawa tarakimu moja ya zahanati nzima, na hapo hata jina la mtaa hupotea. Mtafiti akija na vipimo vya hewa vya usiku ambao plastiki ilichomwa, hawezi kujua ni watoto gani walioivuta.

Sidai kwamba kila kikohozi ni cha jaa. Kati ya Juni na Agosti baridi huongeza mafua, vyumba vingi vya mabati hupikiwa kwa jiko la makaa, na matatu kuukuu zina mchango wao. Ndiyo maana utafiti unapaswa kuuliza kila kaya inapikia nini na ni nani anayevuta sigara, kisha uilinganishe na kaya za kipato kama hicho zilizo mbali na moshi huo. Bila ulinganisho, atakayetaka kukwepa lawama atasema ni baridi tu, nasi hatutakuwa na jibu.

Wahamasishaji wa afya ya jamii tayari huingia majumbani na wanaaminiwa. Wanaweza kukusanya maelezo hayo, mradi posho yao ilipwe kwa wakati, jambo ninalolitaja kwa makusudi.

Mto nao hautambui mipaka ya kaunti: maji ya Mto Nairobi, ambayo baadhi ya wakulima huyanyweshea sukuma wiki, huingia Mto Athi na kuishia baharini karibu na Malindi. Kiambu na Machakos zishirikishwe tangu mwanzo.

Jambo moja nalisisitiza kuliko mengine. Damu ya mtoto ikichukuliwa, mzazi aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, aridhie, kisha apewe majibu ya mtoto wake pamoja na rufaa ya matibabu inapohitajika. Wakazi wa mitaa hii wamezoea kuhojiwa na wageni wasiorudi, na sitawalaumu wakitufungia milango. Matokeo ya jumla yasomwe katika baraza la mtaa kabla ya kusomwa katika mikutano ya hotelini.

Utafiti kamili utahitaji fedha, na bajeti ina taratibu zake. Lakini kuwaagiza wahudumu wa zahanati zote za kaunti waandike ploti au alama iliyo karibu na nyumba ya mgonjwa hakuhitaji zaidi ya waraka wenye saini yako. Ninaomba waraka huo utoke kabla ya msimu ujao wa baridi.

Wako mtiifu,
Tabibu na mkazi wa Kariobangi Kaskazini