Paka kukojoa ovyo si ujeuri, kwanza muangalieni anakojoa vipi

Mhariri, assalaam alaykum.

Nnaomba nafasi kidogo nimjibu yule msomaji aliyelalamika humu juzi kuwa paka wake dume kaanza kukojoa juu ya msala wa kusalia na kwenye viatu vya wageni, akamalizia kuwa anatafuta gunia akamtupe Darajani sokoni akale vichwa vya samaki na wenzake. Jamani! Uchungu wa msala kutiwa najisi naujua, unafua unasuuza unaanika na harufu bado ipo, lakini kabla hujashika gunia muangalie anavyokojoa, jibu lako liko hapo.

Akisimama, mkia juu unatetemeka, akarusha nyuma kwenye ukuta au mlango, huyo anaweka mipaka yake, keshabaleghe na yumkini kuna paka shume anapita dirishani usiku anamkera. Huyo ni wa kuhasiwa. Madume wengi sana wakihasiwa wanaacha, khasa akifanyiwa mapema kwenye miezi sita hivi kabla hajazoea. Kuna watakaosema ni dhulma, haya, muulizeni sheikh wenu, ila mie dhulma ninayoiona kila siku ni ya jike kuzaa mfululizo maana mimba yake ni miezi miwili tu na anaweza kuishika hata nusu mwaka hajafikisha, halafu vitoto vinatiwa kwenye boksi vinaachwa jaani.

Lakini akichuchumaa hiyo khabari nyengine kabisa. Anachuchumaa kwenye msala, mara kwenye beseni, mara bafuni, anakamua wee kinatoka kitone au hakitoki kitu, analia, anajiramba huko chini kila saa, pengine mkojo una damu. Huyo anaumwa! Majike pia hupata, ila dume ndiyo hatari yenyewe kwa sababu njia yake ya mkojo nyembamba mno, ikiziba kwa vichangarawe au ute basi mkojo unabaki ndani, uchafu unarudi kwenye damu, figo zinaharibika na moyo unaweza kusimama, siku mbili tatu tu keshakufa. Na watu wakimuona anakamua wanasema kafunga choo wanamnywesha mafuta, huku saa zinakwenda. Usingoje Jumatatu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku ile ile, atampitisha kijimpira chembamba mkojo utoke. Baadae awe anapata maji kwa wingi na chakula cha majimaji, supu ya kibua sawa lakini isiyo chumvi wala kitunguu, kitunguu kinaharibu damu ya paka.

Kingine mkimuona analia msimpe Panadol. Hili nalisema kwa herufi kubwa, MSIMPE, wala nusu wala robo. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo, damu yake inageuka rangi ya chokoleti, fizi zinapauka zinakuwa kama udongo, uso na miguu inavimba, anahema juu juu. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mkubwa. Diklofenaki na ibuprofeni nazo muziwache kabatini. Na dawa ya viroboto ya mbwa au ya kupe wa ng'ombe mnayompaka, ikiwa ina pemethrini, sumu ya kuulia wadudu, atatetemeka mpaka degedege limshike.

Sasa daktari akisema mzima, tazameni choo chake. Sisi wa Michenzani na Mji Mkongwe tunaokaa juu ghorofani paka hana udongo wa kufukia, anawekewa karai la mchanga ubavuni mwa sahani ya chakula na linasafishwa mtu akikumbuka, wewe ungekubali? Liwe mbali na chakula, uchafu utolewe kila siku, na paka wakiwa wawili makarai yawe matatu (ndiyo, matatu, hawapendi kushirikiana). Palipokojolewa msioshe kwa dawa yenye amonia, inanuka kama mkojo wenyewe na yeye atadhani pale ndipo chooni. Bakora pia wacheni, ukimpiga atakachojifunza ni kukukwepa wewe, atakwenda kukojoa uvunguni usikoona.

Kuhusu gunia, chuoni kwenye Kurani sote tumesomeshwa ile hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka asimlishe wala asimwache ajitafutie. Paka aliyelelewa ndani hajui kupigania kichwa cha samaki, mashume wa pale watamrarua siku ya kwanza.

Wahusika wa mifugo nao, siku za chanjo ya kichaa cha mbwa zikipangwa naomba masheha, wakuu wetu wa mitaa, watangaze na paka kwa jina, kwa sababu watu wakisikia "cha mbwa" wanadhani paka hayamhusu, na kumbe anakipata na anakiambukiza.

Msomaji mwenzangu, ukimpeleka huyo dume usimtie kwenye mfuko wa plastiki. Chukua kapu la ukili, tandika ndani nguo yako uliyokwishaivaa, juu lifunge kwa kanga asione pikipiki za barabarani akapata wazimu. Na kumbuka mara ya mwisho umemuona anakojoa ilikuwa lini, maana hilo daktari atakuuliza tu.

Msomaji wenu,
Kikwajuni, Unguja