Barua ya Mwalimu Mkuu kwa Wazazi na Walezi: Historia ya Bendera ya Taifa

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA WA PILI NA KAZI YA LIKIZO KUHUSU BENDERA YA TAIFA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Shule inafunga muhula wa pili wiki hii, na kila mwanafunzi atarudi nyumbani na taarifa yake ya maendeleo, ambayo tunaomba muisome, muisaini na kuirudisha shule itakapofunguliwa mwezi Januari. Mambo ya sare na madaftari yamebandikwa kwenye ubao wa matangazo, wala sitayarudia hapa, kwa kuwa lipo jambo moja ambalo walimu wa Historia ya Tanzania na Maadili wameliona darasani na ambalo hatuwezi kulikamilisha bila ninyi.

Watoto wetu wanazijua rangi za bendera kwa kukariri: kijani ni ardhi na uoto wake, nyeusi ni watu, buluu ni maji, njano ni madini. Majibu hayo ni sahihi. Hata hivyo, wanafunzi wa darasa la tano walipoambiwa waichore bendera bila kuitazama, wengi waliushusha mkanda mweusi kutoka juu ya mlingoti badala ya kuupandisha kutoka kona ya chini, wengine wakasahau kingo za njano, na wachache wakaiweka buluu juu ya kijani. Mmoja wao alimwuliza mwalimu mbona madini yana rangi yake na sangara, samaki wa ziwa letu, hana. Kwa maoni yangu swali hilo linazidi majibu yote yaliyokaririwa, kwani haliwezi kujibiwa bila kueleza rangi hizi zilitoka wapi.

Zilitoka kwenye bendera mbili, na kabla ya hapo kwenye vyama viwili. Kijani na nyeusi zilikuwa rangi za TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 ilipandishwa bendera ya Tanganyika yenye rangi hizo hizo, zikitenganishwa na michirizi myembamba ya njano, na ndiyo bendera ambayo Luteni Alexander Nyirenda aliisimika kileleni mwa Kilimanjaro pamoja na Mwenge wa Uhuru. Buluu haikuwemo. Buluu ilikuja na Zanzibar, ambako baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 bendera ya nchi ilifuata rangi za chama cha Afro-Shirazi, yaani buluu, nyeusi na kijani. Nchi mbili zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964, bendera zao nazo ziliunganishwa, mkanda mweusi ukalazwa hanamu, na bendera tuliyonayo ikaanza kutumika rasmi tarehe 30 Juni mwaka huo. Mtoto wa Mwanza anayesema kuwa buluu ni Ziwa Victoria hakosei, ila tungependa ajue pia kwamba rangi hiyo ilivuka bahari kutoka Unguja kabla ya kumfikia huku ziwani.

Habari hii ina sehemu yake hapa hapa kwetu Mwanza. Jiwe ambalo watoto hulipita karibu na bandari bado linaitwa kwa jina la Bismarck, Chansela wa Ujerumani, miaka zaidi ya mia moja tangu Waingereza walipouchukua mji huu mwaka 1916 na kuleta bendera yao, pamoja na ile nyekundu ya Tanganyika iliyokuwa na kichwa cha twiga. TANU yenyewe ilizuiwa kufanya kazi Usukumani kwa miaka kadhaa hadi 1958, na katika kipindi hicho wakulima wa pamba walijipanga kupitia vyama vya ushirika, wakiongozwa na watu kama Paul Bomani. Haya hayasikiki sana darasani, na baadhi ya walioyaona bado wako nasi.

Mzee aliyezaliwa mwaka 1950 ameishi chini ya bendera tatu. Kwa kuwa tarehe 9 Desemba itaangukia likizoni, tunaomba kila mtoto wa darasa la tatu hadi la sita akae na babu, bibi au mzee wa mtaa, iwe ni jijini, Magu, Sengerema au Ukerewe, amwulize anakumbuka nini kuhusu siku bendera ilipobadilishwa, kisha aandike ukurasa mmoja kwa maneno ya mzee huyo. Mzee akipenda kuzungumza Kisukuma au Kikerewe, mzazi amsaidie mtoto kuandika kwa Kiswahili.

Wapo watakaouliza kwa nini bendera hupepea nusu mlingoti, na jibu la karibu ni maombolezo ya ajali za ziwani: meli ya MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996 na kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Tunafahamu kuwa baadhi yenu mlipoteza ndugu, hivyo hilo tunawaachia ninyi mpime lini na kwa kiasi gani mtoto aelezwe.

Kurasa hizo zirudishwe pamoja na taarifa ya maendeleo. Bendera ya shule imepauka kwa jua, na kamati ya shule imekwisha kukubali inunuliwe mpya kabla ya kufungua. Hakuna mchango wowote unaoombwa kwa ajili hiyo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu Mkuu