Vipokezi vya seli za kinga na ujanja wa vimelea

Mhariri,

Kusema tu kwamba "kinga hupambana na vimelea" hakutoshi. Seli ya kinga haina macho. Hupapasa kwa vipokezi, protini zilizochomoza kwenye utando wake. Kingamwili (protini za ulinzi wa mwili) za aina ya IgE hunasa kwenye vipokezi vya seli za masti, aina mojawapo ya seli za kinga. Protini ya mnyoo ikiunganisha IgE mbili jirani, seli humwaga kemikali iitwayo histamini ndani ya dakika chache: utumbo hubana, ute humiminika, mnyoo husukumwa nje. (Mlango huohuo ndio unaoleta mzio.)

Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, ni mjanja zaidi. Kina jeni zipatazo 60 za protini kinayoivisha seli nyekundu ya damu, na hubadilisha vazi kingamwili zikilitambua. Baadhi ya protini zake nyingine, rifini, hushika LILRB1, kipokezi cha seli ya kinga ambacho huizuia kama breki. Seli ya kinga ikanywea.

Wasomaji wenu, wanabiolojia