Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: ukituma watu Indonesia wasiishie Jakarta, walete huku kijijini

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mimi ni binti wa Ifakara, nimekulia kwenye mpunga, bibi yangu alikuwa na majaruba bonde la Kilombero na nimefukuza ndege shambani mpaka sauti inakauka. Sasa hivi nimeolewa huku Indonesia, naishi kwa wakwe zangu kijiji kidogo wilaya ya Klaten, Java ya Kati, hapa katikati ya Yogyakarta na Solo, mlima Merapi tunauona tukitoka tu jikoni. Bahari iko mbali, watalii hawafiki, ni mpunga, migomba, minazi, mbuzi wachache na pikipiki nyingi. Nakuandikia hadharani kwa sababu kila nikiona mitandaoni wageni waliokuja huku "kujifunza kilimo" picha zinakuwa za ukumbini, mashati ya batiki, vyeti, alafu safari imeisha.

Ombi langu ni moja tu, watu utakaowatuma walale kijijini msimu mzima, toka kitalu mpaka kuvuna, na wakae na mzee wa maji, yule anayegawa maji ya mfereji. Mbegu wataipata hata dukani, trekta wataliona kwenye katalogi, ila huyo mzee hawatamuona Jakarta.

Najua uhusiano wetu na hawa watu sio wa jana. Mwaka 1985 Suharto, Rais wa Indonesia wa wakati huo, alienda Roma kwenye shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, akakabidhi mpunga kama tani laki moja waliochanga wakulima wa huku kwa ajili ya Waafrika waliokuwa wanakufa njaa, na mwaka 1996 ndo ukaanzishwa ule mradi wa kituo cha mafunzo ya wakulima Mkindo, Morogoro, kwa msaada wa Indonesia. Jokowi akiwa Rais wa Indonesia alikuja Dar Agosti 2023 na Mkindo ikazungumzwa, Rais Samia naye akaja huku Januari 2024. Hata hizi shamba darasa ambazo mabwana shamba wetu wanaziendesha zilianzia majarubani huku Java mwaka 1989 pamoja na FAO. Stori yake ni kwamba wakulima walikuwa wanamwaga sumu kama maji, ikawa inaua buibui na wadudu wengine wanaokula vile vidudu vya kahawia vinavyofyonza mpunga, kwa hiyo vidudu vikazidi badala ya kupungua, mpaka mwaka 1986 serikali ikapiga marufuku aina 57 za sumu kwenye mpunga, alafu wakaanza kuwafundisha wakulima kuhesabu wadudu shambani kabla ya kushika bomba la dawa. Kwa hiyo Mheshimiwa, tulishachukua kitu kizuri huku na kikafanya kazi. Tunarudi kuchukua kingine, sio dhambi.

Sasa huku kukoje. Java nzima ni ndogo kuliko Morogoro na Lindi ukiziunganisha, na kwenye sensa ya 2020 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 150, sisi nchi nzima 2022 tulihesabiwa milioni 61 na kitu. Ndo maana ardhi hakuna. Baba mkwe wangu analima vipande vitatu vimetawanyika huku na kule, ukivijumlisha havifiki ekari moja, na hivyo hivyo kasomesha watoto wote. Na sio kwamba ni maskini wa kijiji, ni mtu wa kawaida kabisa, sensa ya kilimo ya 2023 ilikuta kaya karibu milioni 17 Indonesia zinalima chini ya nusu hekta. Mtu wa hivi hawezi kujichimbia mfereji wake, hawezi kununua pampu yake, akikosa maji siku tatu wakati mpunga unabeba mimba ameumia. Asipoelewana na jirani hali.

Hapo ndo anaingia mzee wa maji, kwa Kijawa wanamwita ulu-ulu. Kazi yake ni kugawa maji ya mfereji, nani leo nani kesho, nani aanze nani asubiri. Kwetu hapa kila mwenye shamba anampa mpunga baada ya mavuno, kwa hiyo msimu ukiwa mbaya kwetu na kwake mbaya, hana mshahara wa mradi unaoisha mfadhili akiondoka. Maji yenyewe yanatoka kwenye chemchemi zilizo chini ya Merapi, mvua inanyesha mlimani, inazama, inatokea huku chini safi kabisa, na maeneo mengine ya Klaten wanalima mpunga mara tatu kwa mwaka kwa sababu hiyo. Ila mwezi wa 8 na wa 9 yanapungua na zamu zinakuwa za usiku.

Nilienda na baba mkwe zamu moja ya saa saba usiku. Yeye tochi kichwani, jembe begani, peku. Mzee wa maji alikuwa ameshafika amechuchumaa kwenye tuta anavuta sigara yake ya karafuu, hapo kwenye mgawanyo kuna ubao, na pembeni kuna kipande cha mgomba kimeshindiliwa na gunia la tope kuziba upande wa jirani. Akanyanyua ubao kidogo tu, maji yakaanza kuingia jarubani kwetu taratibu, sio kwa fujo. Sikuona saa wala kitabu. Baba mkwe akawa anazunguka anaingiza kidole kwenye tope sehemu mbalimbali, maji yakifika fundo la pili la kidole anasema bas, anahamia jaruba linalofuata, na alipomaliza mzee akashusha ubao, akang'oa ule mgomba, maji yakaenda kwa jirani ambaye naye alikuwa ameshasimama pale anasubiri na jembe lake. Hawakuongea hata maneno kumi. Nikakumbuka kule nyumbani nilivyoona watu wanashikiana mapanga kwa ajili ya mfereji, na mfereji wenyewe umejengwa kwa zege zuri kuliko huu wa huku ambao nusu yake ni udongo.

Usije ukadhani ni malaika. Kuna jirani aliiba maji, alifungua usiku usio wa zamu yake, ikajulikana asubuhi ile ile maana jaruba lake lilikuwa limejaa na la mwenzake limepasuka. Kesi haikwenda polisi. Ilisemwa kwenye kikao cha RT, hiyo RT ni kama balozi wetu wa nyumba kumi ila ina kaya nyingi zaidi, na uamuzi ukawa asafishe kipande cha mfereji peke yake mchana kweupe, watu wanapita wanamsalimia kwa adabu zote. Wajawa hawagombani kwa kelele, ila kuliko ile salamu, heri mtu akuzabe kibao.

Na hivyo vikao ndo vinaamua hata siku ya kupanda. Kijiji kizima na vijiji jirani wanapanda kwa pamoja, ukiwahi peke yako au ukichelewa peke yako panya wote wanahamia kwako, maana wewe ndo mwenye mpunga unaotoa suke wakati wengine hawana. Panya huku ni janga. Sehemu nyingine za Java watu wamezungushia mashamba nyaya za umeme kuua panya na umeme ukaua wakulima wenyewe, imetokea sana Sragen, tafadhali hilo tusilichukue. Tuchukue bundi! Huku wanajenga vibanda vya mbao juu ya nguzo katikati ya mashamba ili bundi wakae, wazae, wale panya usiku. Mimi siku ya kwanza kuambiwa kile kibanda ni nyumba ya bundi nilitaka kurudi ndani, kwetu bundi akilia juu ya bati mnaanza kujiuliza nani anaumwa, huku mzee mzima anapanda ngazi kuangalia kama mama bundi ametaga. Sijui bwana shamba gani atakubali kwenda Ifakara kuwaambia watu wafuge bundi, ila ungeanza na mmoja mwenye moyo mgumu.

Kitu kingine nilichotaka wakione ni jimpitan. Kila nyumba mbele ina kikopo kidogo kimetundikwa, zamani unaweka mchele kiganja, sasa hivi wengi tunaweka sarafu ya rupia 500, kwa shilingi yetu haifiki hata mia. Vijana na wazee wa zamu ya ulinzi wanapita usiku wanakusanya nyumba kwa nyumba, kwa hiyo wamelinda na wamechangisha kwa mkupuo mmoja, na ukisahau kuweka wanajua aidha umesafiri au unaumwa, asubuhi mtu anakuja kugonga. Hela hiyo inanunua taa za njiani, viti vya msiba, saruji ya kuziba mfereji. Hakuna afisa aliyekuja kuwafundisha. Tetemeko la tarehe 27 Mei 2006 lililoua zaidi ya watu 5,700 ukanda huu wa Yogyakarta na Klaten liliangusha nyumba ya wakwe zangu, na baba mkwe anasema kabla msaada haujafika majirani walishaanza kupanga matofali, leo kwako kesho kwangu, msaragambo kama ule wa wazee wetu.

Alafu kuna bango. Serikali yao inashusha hela moja kwa moja vijijini toka 2015, sheria ya vijiji ya mwaka 2014 ndo ilileta hilo, mwaka 2024 kwa wastani ilikuwa karibu rupia bilioni moja kwa kijiji, kwa hesabu ya haraka kama shilingi milioni 150 zetu. Mbele ya ofisi ya kijiji kuna bango kubwa linaonyesha kimeingia kiasi gani na kimetoka kwenda wapi, mtaro huu kiasi hiki, posyandu, yaani kliniki ya watoto ya kijijini, kiasi hiki. Wizi upo, wenyeviti wa vijiji wamefungwa kwa hela hizi sehemu mbalimbali nchini, sikudanganyi. Ila bibi wa jirani yangu asiye na shule kubwa alisimama pale na kikapu cha tempe, ile soya iliyochachushwa, kichwani akamuuliza karani mbona huu mtaro umeandikwa umeisha na mi napita pale kila siku haujaisha. Nimeona kwa macho.

Yasiyo mazuri nayo wayaone, wasirudi wanasifia tu. Mbolea wanazidisha, baba mkwe ukimwambia apunguze urea anakuangalia kama umemwambia asile. Vijana wanaondoka, wanaenda viwandani, Jakarta, wengine Korea, ukipita shambani wanaopanda ni wamama wa miaka 50 na 60 wameinama kutwa nzima, kijiji kinajaa sikukuu ya Idi tu. Barabara ya kulipia ya Solo kwenda Yogyakarta imekatiza kwenye mashamba mazuri kabisa ya Klaten, waliolipwa wamelipwa, ila jaruba likishakuwa lami ndo basi tena. Na mashine za kuvunia zimeingia, zinavuna kipande cha baba mkwe muda mfupi sana, wakati zamani wanawake wasio na shamba walikuwa wanakuja kuvuna na kuondoka na fungu lao la mpunga, na wengine wanaokota masuke yaliyobaki. Wale wamama sasa hivi wanakula nini sijaona kwenye bango lolote. Ukileta mashine Kilombero, na najua zinakuja, naomba hilo swali liulizwe kabla.

Angalau serikali hapa toka Januari 2025 imesema mpunga unanunuliwa rupia 6,500 kwa kilo shambani, na watu wanajua hiyo namba kwa kichwa, hata mtoto ukimuuliza. Dalali akija na bei ya chini anaondoka na aibu, ingawa mwenye shida ya ada anauza tu.

Kwa hiyo Mheshimiwa, wa kuwatuma ni viongozi wa skimu za umwagiliaji zenyewe, wale wanaogombana na watu kwa ajili ya maji kila wiki, na maafisa ugani wa kata, na nusu yao wawe wanawake maana ndo wanaoinama. Wakirudi wakafundishie Mkindo, kule kule walikoanza Waindonesia, na somo la kwanza kabla ya mbegu liwe nani anafungua ubao na analipwa na nani. Tunajenga skimu ya mabilioni alafu hatujui funguo ya geti iko kwa nani, hapo ndo tunapokwama, sio kwenye zege.

Msimu mkubwa huku unaanza mvua zikianza, Oktoba Novemba, kuvuna Februari Machi, ni kama miezi minne, kwa hiyo wakifika Oktoba mwanzoni wataanza na kitalu. Baba mkwe amekubali kuwapokea watu wanne, chumba kipo, chandarua kipo, mama mkwe ameuliza kama Waafrika wanakula tempe nikamwambia watajifunza. Waje na koti la mvua na unga wao wa ugali, maana huku ni wali asubuhi, wali mchana, wali usiku. Suti waache.

Nasubiri jibu lako, hata likija kupitia ubalozi wetu Jakarta litanifikia.

Binti wa Ifakara,
Klaten, Java ya Kati